Mkoa Uliohamishwa kwa Sururu

Karakana ya vibao, nyuma ya soko
6 Februari

Mpwa wangu Rula,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako, mtu ambaye hata akioga mara mbili bado ananuka tina ya kuyeyushia rangi. Mimi mzima. Kiuno kinalalamika asubuhi, kikishapata chai kinanyamaza. Nisalimie mumeo dereva, na mjukuu wangu mwambie babu yake bado anamdai ule mchoro wa ng'ombe mwenye miguu mitano. Mama yako hajambo. Mguu tu unamsumbua kidogo, kidogo tu.

Basi huku kwetu hakulaliki kwa maneno. Redio imetangaza kwamba mkoa wetu utagawanywa, na tangu siku hiyo karakana yangu imekuwa baraza. Muuza viatu anakuja, kinyozi anakuja, hata mwalimu mkuu kaja na kiti chake, wote wananiuliza mimi, utadhani nimekaa na waziri. Wanajua kwamba mkoa ukigawanyika wengine hulia, mimi hununua brashi mpya.

Wewe ni mtu wa ramani, lakini historia ya mikoa ya hapa niulize mimi. Mama yako alipozaliwa, hapa palikuwa Jimbo la Nne, namba tu, kama chumba cha hoteli. Kibao cha wakati ule aliandika fundi aliyenifunza kazi, Mungu amrehemu. Tulipojitawala ile namba ikaonekana aibu, tukawa Mkoa wa Kaskazini. Kibao hicho niliandika mimi, mkono bado mbichi, nikaanza na herufi kubwa za majivuno, nikafika katikati nafasi imekwisha, mwisho wa jina ukasongamana kama watu mlangoni. Baadaye wakatuunganisha na majirani zetu, tukawa Mkoa wa Mto. Kila mara nilipaka juu ya jina la zamani bila kukwangua, maana mbao nzuri ni adimu. Jua likiwaka sana, ukisimama kwa pembeni unayasoma majina yote.

Mama yako kazaliwa Jimbo la Nne, kaolewa Kaskazini, kafiwa na baba yako Mkoa wa Mto, na muda wote huo yumo mle mle katika nyumba ya wazee wetu ng'ambo ya daraja. Mikoa imempitia mlangoni kama wauza sabuni.

Sasa nakuuliza jambo, na unijibu kama mpwa, usinijibu kama serikali. Huo mpaka utapita wapi? Watapita kwenye mto, au watakwenda hadi kule vilimani? Nauliza tu. Mtu wa vibao lazima ajipange.

Mjomba wako,
Brashi


Chumba cha ramani
2 Machi

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako niliisomea kazini nikacheka mpaka jirani yangu wa meza akadondosha wino. Sisi huku wazima. Dereva wangu yuko safarini, kama kawaida yake, na mjukuu wako kapoteza meno mawili ya mbele na anayatafuta mpaka ndani ya viatu vya baba yake. Yule ng'ombe anasema alimchorea miguu mitano kwa sababu mmoja ni wa akiba.

Kuhusu lile swali. Mjomba, wewe unajua ninapofanya kazi. Tumekaa watu sita, meza zimeinama kuelekea dirishani, na mlangoni kuna karatasi inayosema yanayochorwa humu yabaki humu. Asubuhi tukiingia, mkuu wetu anatukumbusha hilo kabla hata ya salamu. Siwezi kukuambia. Siwezi kukuambia hata kama ninajua au sijui. Usininunie.

Ila na mimi nina swali. Umeandika kwamba mguu wa mama unamsumbua kidogo, kisha ukarudia, kidogo tu. Mimi nimekujua tangu ukinibeba begani. Ulipoanguka kwenye ngazi ukavunjika mkono, ulisema umeumia kidogo tu. Nilimwandikia mama, akanijibu ukurasa mzima wa habari za kuku. Sasa unijibu wewe. Mguu una nini?

Mpwa wako,
Rula


Karakana
19 Machi

Mpwa wangu,

Baada ya kukutakia heri wewe na wote waliomo nyumbani mwako, niseme kwamba mama yako alinikataza. Alinikalisha kwenye kile kiti kibovu cha jikoni, akaninyooshea mwiko, akasema nikikuandikia hatanipa chai mwaka mzima. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo cha dada yangu sikitaki hata kukitaja. Kwa hiyo chai na iende.

Ni sukari. Ilikuwamo mwilini siku nyingi, hatukuijua. Mwishoni mwa mwaka alijikwaa, akapata mchubuko chini ya kidole gumba, mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikagoma kufunga. Kila Alhamisi lazima kisafishwe na kufungwa hospitali ya mkoa, huku kwetu upande wa soko. Yuko nesi mmoja mrefu, mkono wake mwepesi, mama yako hamtaki mwingine. Nesi anasema tukishika hivi hivi bila kuruka wiki, kitapona. Tukiruka, wataanza kuzungumza habari ya kukata, na mimi neno hilo nimelisikia mara moja likanitosha.

Kutembea haruhusiwi. Kwa hiyo Alhamisi nateremsha madebe ya rangi kwenye mkokoteni wangu, natandika godoro la mtoto, namvusha daraja. Anakaa mle kama mke wa mkuu wa mkoa, anapungia watu mkono, na njia nzima ananikosoa. Punguza mwendo. Kuna shimo. Brashi, umeliona hilo shimo? Nikilikwepa anasema nimelikwepa vibaya.

Sasa ndiyo ujue kwa nini niliuliza habari ya mpaka. Matroni ametuambia wagonjwa wote wa ng'ambo: mkoa ukigawanywa kwenye mto, ninyi mtakuwa watu wa mkoa mwingine, na mtu wa mkoa mwingine haji hapa bila barua ya rufaa kutoka hospitali ya kwao. Hospitali ya kwao iko wapi? Nyuma ya vilima, siku nzima barabarani, na jengo lenyewe bado halina milango. Najua kwa sababu nimeombwa kuandika kibao chake.

Nimemwomba dada ahamie kwangu. Nimemwambia chumba kipo, nitaondoa makopo. Akasema, "Nyumba ya baba nimuachie nani, panya?" Nikamwomba tena juzi. Akaniuliza kama nina homa.

Rula, sikuulizi tena mpaka unapita wapi. Nimekwambia tu hali ilivyo.

Brashi


Chumba cha ramani
30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Najua nimechelewa. Mtoto hajambo, dereva hajambo, mimi nilikuwa mzima wa mwili tu. Barua yako niliisoma nikaenda kujifungia stoo ya karatasi nikalia. Baadaye nikakosa maneno, kwa sababu kila nililotaka kukuandikia lilikuwa limekatazwa.

Sasa limetoka kwenye gazeti la serikali, kwa hiyo nina ruhusa. Mpaka ni mto. Upande wenu ni Mto Magharibi, upande wa mama ni Mto Mashariki. Na aliyeuchora ni mimi. Barua yako ya kwanza ilipofika, karatasi ile ilikuwa mezani kwangu.

Nikuambie jinsi kazi ilivyo, usije ukadhani ni rahisi. Mstari wa zamani tunaukwangua kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke. Kisha tunaweka mpya kwa wino. Nilimwendea mkuu wangu nikamwuliza kwa nini tusiufikishe mpaka vilimani. Akasema mto haugombani na mtu, vilima vina vijiji, na vijiji vina wazee wenye hoja. Nikarudi mezani. Upana wa unywele mmoja kwenye karatasi ile, Mjomba, ni daraja, shule, tanuri la mikate na nyumba ya mama. Mkono ungetetemeka kidogo tu, hakuna ambaye angeona. Haukutetemeka. Nimefundishwa vizuri mno.

Nimemwandikia mama aje kwangu. Hospitali iko karibu, na mjukuu wake angemchekesha. Kajibu kwamba kuku mweupe ameatamia.

Kuna njia moja bado haijafungwa. Mwezi wa kumi, tume ya mipaka itapita kila sehemu iliyoguswa kusikiliza watu. Watu wakiomba kwa wingi kubaki mkoa huu au ule, mstari unaweza kusogezwa. Mpaka wakati huo, nakusihi, msiruke wiki. Sijui mtafanyaje, lakini msiruke.

Rula


Karakana
14 Julai

Rula wangu,

Salamu teletele! Kila mtu mzima, kila kitu kizuri, hata kiuno kimenyamaza. Mama yako anaendelea vizuri mno. Kidonda kimeanza kupungua, nesi amefurahi, na Alhamisi haijaruka hata moja. Kwa hiyo futa machozi, utailowesha ramani.

Mkoa umezinduliwa kwa shangwe. Kulikuwa na bendi, kulikuwa na hotuba tatu, na ya tatu ilikuwa ni ya kwanza tena. Mimi nimeandika mpaka vidole vimekakamaa. Ofisi ya mkoa, ofisi ya elimu, ofisi ya maji, vibao vya milangoni, kila kitu Mto Magharibi. Safari hii nimepima nafasi kwanza.

Na kibao kikubwa cha mpakani nimepewa mimi pia. Buluu iliyoiva, maandishi meupe, "Karibu Mkoa wa Mto Mashariki" upande mmoja, na upande wa pili "Karibu Mkoa wa Mto Magharibi." Bati zito, nguzo mbili za chuma. Serikali ilitaka kisimikwe haraka, wakaniachia kazi hiyo mimi na sururu yangu. Kimekaa mahali pazuri.

Kuhusu ile barua ya rufaa, usijali, mambo yamenyooka. Karani wa mapokezi ni mtu mwelewa. Mpe mjukuu busu langu.

Mjomba wako mwenye furaha,
Brashi


Chumba cha ramani
9 Agosti

Mjomba.

Shikamoo, na leo usiniulize habari za nyumbani.

Jana mpimaji wetu amerudi kutoka huko kuhakiki mpaka. Ameingia chumbani anacheka, kaweka kofia mezani, akasema mbele ya watu wote, "Jamani, nimeona mkoa unaotembea." Anasema kibao cha mpaka hakipo darajani. Kipo mbele ya daraja, kupita tanuri la mikate, kupita shule, kupita nyumba moja yenye mlango wa kijani na kuku wengi, ndipo kimesimama, pale barabara inapopinda. Mlango ule niliupaka mimi nikiwa mdogo, rangi ulinipa wewe.

Umehamisha mkoa kwa sururu! Watu wamesomea kupima ardhi miaka mingi, wanabeba vyuma mabegani juani, wewe umechimba mashimo mawili tu. Nilicheka pamoja nao. Kisha mkuu wangu akauliza nani kakisimika, nikaacha kucheka.

Ndiyo maana karani wa mapokezi ni mwelewa. Anatumia kibao. Mtu akiishi kabla ya kibao, upande wa hospitali, ni mtu wa kwao. Lakini mpimaji amesema pia kwamba mwenye tanuri alivunjiwa duka, polisi wa Magharibi wakasema ramani inasema si kwao, polisi wa Mashariki wakasema kibao kinasema si kwao. Shule haijui watoto wa darasa la mwisho watafanya mtihani wa mkoa gani. Hao nao ni watu, Mjomba. Nao wana mama zao.

Mkuu anataka kibao kirudi darajani. Nimemwambia ukweli, kwamba aliyekisimika ni mjomba wangu na nyumba ya mlango wa kijani ni kwetu. Akasema nikuandikie kabla yeye hajaandika kwa ofisi ya mkoa. Kwa hiyo nakuandikia. Kiondoe. Naandika neno hili huku nikijua Alhamisi itakuwaje. Roho inaniuma, na nina hasira nawe, na nakupenda, vyote mara moja.

Rula


Karakana
28 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa kali, nimeisoma nikiwa nimesimama.

Pale darajani pana mwamba. Sururu inagonga inarudi. Mtu yeyote mwenye akili angetafuta udongo laini.

Haya. Mwamba upo, lakini ni mdogo, na ningeuzunguka. Nilifika pale asubuhi na zile nguzo, nikaweka alama ya kuchimba. Nikiinua uso naona kwetu, nikigeuka naona karakana yangu. Nikafikiri, nikichimba hapa, shimo hili litakuwa kati yangu na dada. Mwanamke aliyenilea mama yetu alipokuwa shambani, aliyenipa nusu ya kila kitu na kusema ameshiba. Nikapandisha nguzo kwenye mkokoteni nikaendelea mbele. Nilijiambia nitasimama pa kwanza penye udongo mzuri. Udongo wote ulikuwa mzuri, Rula, na mimi sikusimama mpaka nimepita mlango wa kijani.

Habari ya polisi na mtihani sikuifikiria. Kwa hilo umenishika.

Lakini nakuomba uniombee kwa mkuu wako hadi hiyo tume ije. Nimepita nyumba kwa nyumba. Mwenye tanuri, walimu, fundi baiskeli, wote watasimama waseme tunataka Magharibi. Wakisema wengi, mstari wako utanifuata mimi, na kibao kitakuwa pale pale panapostahili. Na mama yako amesema atazungumza. Hajawahi kuzungumza mbele za watu tangu harusi yake. Nilimwuliza atasema nini, akasema nitasikia.

Brashi


Chumba cha ramani
20 Septemba

Mjomba mpenzi, shikamoo.

Hasira zimepoa, kwa hiyo salamu zote za nyumbani pokea. Jino moja la mjukuu wako limeota, limeota upande.

Mkuu amekubali kusubiri tume. Ila karatasi ya kwenu ameitoa mezani kwangu akampa mwingine, na kwenye safari ya tume sitakuwamo. Anasema mtu hapimi shamba lao. Hana kosa. Sikuiwaza ile karatasi, niliwaza kwamba sitamwona mama.

Mwambie asiogope wala asione haya. Aseme habari ya mguu wazi, hata aonyeshe bandeji. Watu wa tume wana mioyo. Usiku natunga maneno ambayo angeyasema, asubuhi natamani kuyapeleka posta. Nikiwa mdogo nilidhani mama anaweza kila kitu. Sasa nadhani hawezi kusema sentensi moja bila mimi.

Niandikie siku ile ile.

Rula


Karakana
25 Oktoba

Rula,

Sikukuandikia siku ile ile. Nimekaa siku kadhaa bila kumsemesha mtu, na muuza viatu alifikiri nimefiwa. Sijafiwa. Sote wazima. Sikiliza.

Tume ilikaa darasani, kwenye vile viti vidogo, magoti yao yakigusa videvu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. Alieleza kwamba mkoa mpya utajenga hospitali na ofisi zake palipo na watu wengi. Kijisehemu chetu hiki, kati ya mto na kibao, kikiwemo, kila kitu kitakuwa hapa ng'ambo, na lile ghala la zamani karibu na shule litaanza kama kliniki kabla ya mwaka mpya. Kijisehemu kikiondolewa, kila kitu kitakwenda nyuma ya vilima. Akauliza, basi ninyi mnataka wapi?

Mwenye tanuri alisimama, akanitazama, akasema Magharibi. Fundi baiskeli, Magharibi. Walimu, Magharibi. Nilikuwa nimekaa nyuma natabasamu kama mtu aliyeoa. Kisha mama yako akainuka, kashika fimbo yake. Maneno yake nayakumbuka yote, maana yaliniingia moja moja.

Alisema, "Mimi nimezaliwa nyumba ile pale, na leo huu ni mkoa wangu wa nne. Nilipopewa wa kwanza sikuulizwa, nilikuwa mchanga. Wa pili sikuulizwa. Wa tatu sikuulizwa. Watu wawili wananipenda kuliko wote duniani. Mmoja ni binti yangu, kanichorea mpaka. Mwingine ni mdogo wangu, yule anayejificha nyuma ya mwalimu, kanichimbia mpaka. Hata hao hawakuniuliza. Leo ninyi, watu nisiowajua, mmekuja mmeniuliza. Ahsanteni. Nataka Mashariki."

Darasa zima likageuka kunitazama. Nikainama kama natafuta kitu.

Mwenyekiti akamwuliza kwa nini, na mguu wake unatibiwa upande wa pili. Akasema, "Mimi nina mdogo wangu na mkokoteni. Huyu mwenye tanuri ana sukari kama mimi, hana ndugu, Alhamisi anafunga duka anatembea kwa mguu, na kidole kimoja wameshamkata. Anasema Magharibi kwa kumwonea haya Brashi. Wako wanawake wa kule vilimani wanaolala kwenye varanda ya hospitali ya mkoa ili wawahi foleni. Nimelala nao siku moja walipochelewa kunihudumia, nimewasikia. Maisha yangu yote kila kitu kizuri kiko ng'ambo ya pili ya daraja. Kuzaa, vuka. Kuugua, vuka. Karatasi, vuka. Sasa kinataka kuja upande wetu, na ninyi mnataka tukikimbie?"

Mwenye tanuri akaanza kulia. Akasema anabadilisha, Mashariki. Ikawa kila mtu anabadilisha, hata fundi baiskeli, ambaye hajawahi kubadilisha hata shati. Tume ikaandika. Mstari wako haukusogea, Rula. Upo pale pale ulipouweka.

Nikamfuata nje nikamwambia umeniaibisha. Akasema ndiyo. Nikamwambia umeukata mguu wako mwenyewe kwa mdomo. Akasema mguu ni wake. Tukaachana hapo. Jumatano nikaapa kwamba mkokoteni sisukumi, amtafute mkuu wake wa mkoa amsukume. Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na godoro. Hakusema neno mpaka darajani. Pale akasema, "Kuna shimo."

Nimeng'oa kibao nikakirudisha darajani. Nimeuzunguka ule mwamba, kweli ni mdogo. Karani mpya wa mapokezi alikwishaanza kudai barua ya rufaa, lakini tume imeamuru kwamba wenye kadi za zamani wahudumiwe hadi kliniki ya ng'ambo ifunguliwe. Kwa hiyo tunavuka.

Bado nimekasirika. Pia, nikuambie kweli, sijawahi kujivunia mtu hivi.

Brashi


Chumba cha ramani
8 Novemba

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Dereva wangu naye kaisoma, akasema, "Sasa najua umetoka wapi."

Amesema kweli mama. Nilimchorea mpaka, nikamtafutia chumba huku, nikamtungia na hotuba. Kila nilipomwandikia nilimwambia, njoo, fanya, usione haya. Nimezipekua barua zote kichwani, sioni hata moja niliyomwuliza anataka nini. Nilijua ninachotaka mimi: asife. Nikadhani ni hicho hicho.

Nakuomba kitu kimoja. Nimejaribu kumwandikia mwenyewe, lakini atanijibu habari za kuku. Nenda ukae naye jikoni, kwenye kile kiti kibovu. Usimshauri. Usimwombe ahame. Mwulize tu, kwa niaba yangu na yako, anataka tumfanyie nini. Kisha uniandikie alivyosema, kama alivyosema, hata kama hayatatupendeza.

Mwambie namsalimu, na kwamba nimejifunza.

Rula


Karakana
3 Desemba

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu zenu zimefika zote, na ng'ombe mpya wa mjukuu nimembandika ukutani. Huyu ana miguu sita. Naona akiba inaongezeka.

Nilikwenda jikoni kama ulivyoniagiza. Nikamwuliza. Kwanza akacheka. Akasema nimetumwa. Nikasema ndiyo, nimetumwa, na mimi mwenyewe nataka kujua. Akageuza mgongo, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na alipogeuka macho yalikuwa yamemlowa. Rula, dada yangu sijamwona akilia tangu tulipomzika baba yako.

Akasema, "Miaka yote hii nawasubiri mniulize, sasa mmeniuliza nimesahau nilichotaka." Nikangoja. Chai ikapoa, na unajua mimi chai ikipoa ninavyoteseka, lakini nilingoja.

Ndipo akasema. Kliniki ya ng'ambo inafunguliwa Alhamisi ya pili ya mwezi huu, kwenye lile ghala. Nesi mrefu ameomba kuhamia huko, na amekubaliwa. Kidonda kimebaki kama ukucha, na nesi amemruhusu kutembea polepole, kwa fimbo. Toka mlango wa kijani hadi ghalani si mbali. Kasema siku hiyo mkokoteni niuache nyumbani. Hataki kuhamishwa, na hataki kubebwa. Anataka kusindikizwa. Wewe upande mmoja, mimi upande mwingine, na asishikwe mkono mpaka aombe mwenyewe.

Nikamwuliza kama ni hilo tu. Akasema kama tunaona ni dogo, tujaribu.

Basi omba likizo. Tunatoka saa mbili asubuhi, na tutatembea kwa mwendo wake.

Mjomba wako,
Brashi